Mbwa Hakuaga

Mliposhusha gazeti wiki iliyopita, mbwa wangu alikuwa amepewa siku kumi na nne za kuishi. Leo naanza na siku ya nne.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Mume wangu Alfredi alifariki mwezi wa tano, hapa hapa Chiwata, kwa ugonjwa wa tumbo. Siku ya tatu ya msiba, mtani wetu Tahiri alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka uwanjani akikohoa kama yeye. Ndiyo kazi ya watani, waliofiwa wacheke kidogo. Watu walicheka.

Mbwa wa marehemu anaitwa Hawachoki. Tulikuwa tumemfungia jikoni. Akakisikia kile kikohozi, akausukuma mlango mpaka kamba ikakatika, akaja mbio huku mkia unamtikisa mwili mzima. Akamrukia Tahiri kifuani kwa furaha. Akamnusa. Halafu akamng'ata mkono.

Toka siku hiyo, akimwona mwanaume ndani ya koti anamkimbilia kwa furaha, anamnusa, anamng'ata. Na huu ni msimu wa kupulizia salfa mikorosho. Asubuhi kuna baridi na kila mwanaume amevaa koti bovu.

Baada ya Tahiri aliwang'ata wawili. Jirani yangu Bartholomayo akapeleka barua kwa Mtendaji wa kijiji, kwamba mbwa wa marehemu ni hatari kwake na kwa watu wote. Mtendaji wetu ni binti mdogo, anaitwa Naima. Akaniamkia vizuri, akanisomea barua yote, akasema, "Bibi, siku kumi na nne. Umpate mtu wa kumfundisha atulie. La sivyo, atapigwa risasi."

Huyo Bartholomayo hakuja kumzika Alfredi, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Hakuja pia kumzika binti yangu Anjelina, miaka kumi na miwili iliyopita. Siku ile ya Anjelina nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba atakayekunywa hata maji ya nyumba ile, asije akala chakula changu. Alfredi alikuwa pembeni yangu. Alinisikia.

Basi. Hapo ndipo tulipokuwa.

* * *

Siku ya nne nilimpigia simu mwanangu Gerson, yuko Mtwara.

"Mama, mbwa wa kijijini anafundishwa nini? Waache wampige. Nitakutafutia mwingine."

"Sawa," nikasema.

Nikakata simu. Nikavaa kanga, nikachukua cheti cha chanjo ya mbwa kutoka kwenye kopo la majani ya chai, nikashuka Masasi kutafuta mwalimu.

Sokoni niliwauliza akina mama wanaouza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, maana wao wanajua kila mtu.

"Mwalimu wa mbwa?" mmoja akasema. "Bibi, wajukuu zetu hawana walimu wa kutosha, wewe unamtafutia mbwa?"

Wakacheka. Mimi nilisubiri wamalize. Siku hizi nasubiri tu. Nilikuwa sijalia toka Alfredi azikwe, na watu walikuwa wameanza kunitazama kwa namna fulani, kama mtu aliyesahau kitu.

Walipomaliza kucheka wakanielekeza kwa Dastani, nyuma ya gereji. Ukutani kwake kulikuwa na mchoro wa mbwa mwenye meno mengi kuliko mbwa. Zamani alikuwa mlinzi Dar es Salaam, kampuni yenye mbwa wa Kizungu.

"Mlete, bibi. Siku tatu tu, atakuwa anakupigia saluti."

Siku ya tano nikampeleka Hawachoki, kwa pikipiki, ndani ya tenga la kuku, kichwa nje. Dastani akatoka akiwa na kiboko, amevaa kijani kibichi mwili mzima. Suruali ya ulinzi, kofia ya ulinzi.

Na koti la ulinzi.

"Baba," nikamwambia, "vua koti kwanza."

"Bibi, mwalimu havui sare mbele ya mwanafunzi."

Akamwamrisha Hawachoki kwa Kiingereza. Akae. Mbwa akanitazama mimi. Akamwamrisha alale. Mbwa akanitazama tena.

"Mbwa wako hajasoma," Dastani akasema.

"Hata mimi niliishia la saba," nikamjibu.

Akasogea amguse kwa kiboko. Hawachoki akalinusa koti. Mambo mengine mnayajua. Nilirudi Chiwata na mbwa wangu kwenye tenga, na nusu ya mkono wa koti la ulinzi ikiwa bado mdomoni mwake. Dereva wa pikipiki alicheka mpaka tukafika. Mimi nilikuwa nahesabu nguzo za umeme.

* * *

Siku ya sita akaja Tahiri. Mkono umefungwa bandeji safi, sindano zake zote za kuumwa na mbwa amemaliza. Amebeba mfuko wa rambo.

"Hodi kwa mjane."

"Karibu, mng'atwa."

"Mmenizika nusu, ninyi. Mmeniitia mbwa." Akakaa mwenyewe bila kukaribishwa, ndivyo watani walivyo. Akatoa koti la Alfredi kwenye mfuko. Alikuwa amelichukua siku ile ile kama haki yake ya utani, na kwa desturi tulitakiwa kulikomboa kwa jogoo.

"Jogoo wako anakula pumba pale," nikasema.

"Simtaki. Nimesikia ulikwenda mjini kwa mtu wa viboko. Mama Gerson, ukoo wenu una vichwa vigumu. Mbwa akiwa na huzuni mnampeleka kwa polisi?"

"Nimpeleke wapi?"

"Kule juu, Newala. Chilangala kuna mtu anaitwa Fikirini, anafundisha mbwa wa kuwinda nguruwe. Wanaotafuniwa mihogo wote wanakwenda kwake. Hapigi."

Akaniandikia namba kwenye gazeti, gazeti hili hili. Akaondoka. Mlangoni akageuka.

"Hujalia bado?"

"Bado."

"Basi," akasema, na hakutania tena.

Nikalitundika koti kwenye msumari. Liling'oka kifungo cha pili zamani, nikakishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa kahawia haukuwepo. Nilikitazama kile kifungo. Kisha nikalinusa. Moshi, jasho, na mchaichai.

Harufu ya mchaichai ilikuwa ya siku nyingi. Kila jioni alitoka na mbwa kwenda kutazama shamba, akirudi ananukia. Nilimwuliza mara moja, akasema kule bondeni umeota wenyewe. Sikwenda kuangalia. Kwetu hatujaupanda.

* * *

Fikirini alisema kwenye simu kwamba hamfundishi mbwa ugenini. Mbwa anafundishwa kwao. Kwa hiyo akashuka yeye mwenyewe, siku ya saba. Mwanaume wa makamo, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani. Hakuvaa koti, alijikunyata ndani ya mashati mawili. Alileta fimbo ndefu, chupa mbili za maji na kopo la udongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Udongo wa nini?"

"Mimi Mwislamu. Mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo. Nimezoea wa kwetu Chilangala."

"Na kazi hii umeipataje, baba?"

"Marehemu baba alikuwa mwindaji. Nguruwe walipokuja shambani hawakuuliza dini ya mwenye mihogo. Mbwa nawapenda, bibi. Mate ndiyo tumekubaliana kila mtu abaki na yake."

Nikampa kigoda. Akakaa mbali kidogo na Hawachoki, akamtazama. Hakumwita, hakumpigia mluzi. Akamtazama mpaka nikapika chai, nikaimimina, ikapoa. Nikaanza kufikiri huyu naye ni wa bure.

Halafu akauliza, "Marehemu alilala wapi siku ya msiba?"

"Chumbani. Akatolewa uwanjani watu wakaaga, akapelekwa kanisani, akazikwa."

"Na mbwa?"

"Tulimfungia jikoni. Kulikuwa na watu, kulikuwa na vyakula."

"Toka lini?"

Nikahesabu. "Toka Alfredi alipozidiwa. Siku tano."

"Kwa hiyo hakumwona akifa. Hakuona mwili. Hakuona kaburi."

"Ni mbwa, baba."

"Ndiyo, ni mbwa. Ukimfungia mbwa wa mwindaji siku ambayo bwana wake anafariki, unapata huyu." Akamwonyesha kwa ncha ya fimbo. "Sisi kule tukifiwa na mwindaji, mbwa wake wanaletwa mpaka miguuni, wananusa, wanaondoka. Hawasumbui mtu. Huyu hakuaga. Kwake yeye mzee katoka tu, anarudi. Akiona koti, amerudi. Akinusa, amedanganywa. Wewe ukidanganywa hivyo kila asubuhi, hungeng'ata?"

Nilikuwa natazama chai yake, ilikuwa imefanya utando juu.

"Sasa tunafanyaje?"

"Koti liko wapi?"

Nikalileta.

"Vaa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayenuka nyumba yake. Wewe hatakung'ata. Utalivaa saa ile ile mzee aliyokuwa akitoka naye. Umfunge kamba, lakini usimwongoze. Mfuate. Akupeleke kote walikokuwa wakienda, afike, aone bwana hayuko, mrudi. Kesho hivyo hivyo. Siku sita. Ya saba utalivua koti mbele yake, ulifue kwa sabuni nyingi, ulianike kwenye kamba mpaka likauke, na yeye anaona. Ndiyo mazishi yake hayo."

"Harufu itatoka yote?"

"Ndiyo maana ya kufua, bibi."

Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema. Lile koti lilikuwa ndicho kitu cha mwisho ndani ya nyumba kilichonuka Alfredi, maana mashuka ndugu waliyafua siku ya kwanza, kwa kunisaidia.

Nikapiga hesabu ya siku. Zilikuwa zimebaki saba kamili. Siku ya kufua koti ndiyo siku ya Mtendaji.

Fikirini akaosha mikono, maji tu, maana hakuguswa. Akasema atarudi siku ya saba mwenyewe kushuhudia. Akapanda pikipiki, akaondoka na udongo wake.

* * *

Kesho yake, siku ya nane, saa kumi na moja jioni nikavaa koti. Mikono ilinifika vidoleni. Nikatoka uani.

Hawachoki alikuwa amelala. Akainua kichwa, akasimama, akaja mbio vile vile kama alivyomjia Tahiri. Mimi nilisimama tu. Akaninusa mikono ya koti, akaninusa mfukoni, akaninusa kanga chini ya koti. Akanitazama usoni muda mrefu. Hakuning'ata.

Akageuka akaanza kutembea.

Nikamfuata. Kamba ilikuwa imelegea mkononi mwangu, hakuwa anavuta. Alitembea taratibu, akisimama kila baada ya hatua kadhaa, kama alivyozoea kumsubiri mtu mwenye goti bovu. Tukapita banda la mbuzi. Tukapita choo. Tukafika penye njia panda. Kushoto ni bondeni, shambani kwetu. Nikageukia kushoto.

Mbwa akapinda kulia.

"Hawachoki," nikamwita. "Huku."

Hakusikia, au alisikia. Akaendelea. Mwalimu wake alisema nisimwongoze, nikamfuata. Tukapita mkorosho wa mpakani, ule uliowagombanisha Alfredi na Bartholomayo zamani, kabla hata ya msiba wa Anjelina, kwamba korosho zikidondokea upande huu ni za nani. Kwa ugomvi ule ndipo Alfredi alipomwita mbwa Hawachoki. Kila jioni alisimama kwanza chini ya mkorosho ule akaita kwa sauti ya juu, "Hawachoki, njoo, twende," ili jirani asikie na ajue anasemwa. Nilikuwa napenda akiita hivyo. Niseme ukweli, nilikuwa napenda sana.

Mbwa akaupita mkorosho. Akapenya uzio wa jirani mahali ambapo uzio ulikuwa umeshatengenezwa kamlango kadogo, miti imelainika kwa kushikwashikwa. Akapanda kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya Bartholomayo. Akalala chini, kidevu juu ya miguu, kama mbwa aliye kwao.

Pale barazani kulikuwa na vigoda viwili. Pembeni ya baraza, mchaichai, kichaka kizima, umefika kiunoni.

Mlango ukafunguliwa. Bartholomayo akatoka. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyojua, maana kwa miaka kumi na miwili nikipishana naye nilitazama miguu yake tu.

Alikuwa amevaa koti. Koti la salfa, unga wa njano bado mabegani.

Nikaikaza kamba. Nilikuwa nimechelewa. Hawachoki alishainuka, akamwendea, akamnusa gotini, akajilaza juu ya miguu yake.

Bartholomayo hakumtazama mbwa. Alikuwa ananitazama mimi, yaani koti. Akashika mwimo wa mlango.

"Ni mimi," nikasema. "Mama Gerson."

"Nakuona." Sauti ilikuwa kavu. "Nakuona sasa."

Ndani sufuria ilikuwa inachemka, nilisikia kifuniko kikirukaruka.

"Uliandika kwamba mbwa huyu ni hatari kwako," nikasema.

"Niliandika."

"Amelala juu ya miguu yako."

"Nilidanganya." Akakaa kwenye kigoda kimoja, taratibu, mbwa akahama naye. "Mama Gerson, mbwa huyu mkimfungua tu anakuja hapa. Kila saa kumi na moja. Analala hapo ulipomwona, anatazama kwenye uzio. Na mimi nakaa hapa natazama kwenye uzio. Mwezi mzima na zaidi. Nimeshindwa. Nikasema bora asiwepo."

"Alfredi alikuwa anakuja hapa."

"Miaka tisa."

"Kila siku?"

"Ikinyesha sana hakuja. Akiita mbwa pale mkoroshoni, mimi naweka maji motoni. Wewe ulidhani ananisema."

Nilidhani ananisemea. Hilo sikumwambia.

Akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya bati. Kimoja akakiweka kwenye kigoda cha pili, mbele yangu. Mvuke wa mchaichai ukanijia usoni. Ulikuwa Alfredi anayeingia mlangoni jioni, akiuliza kama mbuzi wamerudi wote.

"Barua nitaifuta kesho asubuhi," akasema. "Lakini mbwa ataendelea kuja, na mimi peke yangu siwezi. Uje naye. Ukae hapo, unywe chai, mrudi. Kama hutaki, sikulaumu, lakini barua itabaki ilivyo."

"Unajua nilichosema siku ya Anjelina."

"Najua. Alfredi aliniambia. Ndiyo maana alipita nyuma."

"Hukuja kumzika mtoto wangu, Baba Silvano." Lilikuwa jina nililomwita zamani, na kulitamka kulinishangaza. "Umbali wa nyumba tatu. Watu walitoka Lulindi kwa miguu."

Alikuwa ameinama, anamkuna mbwa nyuma ya sikio. Mkono ukasimama.

"Nilikuja," akasema.

"Hukuja."

"Nilikuja, Mama Gerson. Nilibeba debe la mahindi begani. Nilifika mpaka pale kwenye mkorosho. Nikarudishwa."

"Nani alikurudisha?"

Akainua macho yake, akayapeleka kifuani kwangu, kwenye kifungo cha pili cha koti la Alfredi, kile nilichokishona kwa uzi mweusi.